Fundi na Jumatano Zake

Mwanamke mchapakazi kuliko wote niliowahi kuwajua alikuwa akilala mchana mbele za watu, tena bila haya. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wengi waliomjua kwa mbali walimjua kwa hilo tu. Mtaani kwetu Kariakoo tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, hata muuza kahawa alijua unamtaja msukaji mikeka wa nyumba ile yenye baraza la saruji nyekundu. Kwao wapi, babaye nani, sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema. Nilichomjulia ni vidole vyake.

Nilipanga chumba kwake miaka ile ya vijiji vya ujamaa na foleni za sukari. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na nilifika mjini na sanduku la bati na mdomo mwingi. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi mrefu katikati unaotokea uani. Ukumbini ndimo walimokusanyika wasukaji wake, wanawake kumi na mmoja pamoja naye, wengine wapangaji, wengine wakija kwa miguu kutoka Ilala na Jangwani. Kila mmoja alisuka ukili wake, ule mkanda mrefu wa miyaa, majani makavu yaliyochanwa, na kili zikishatimia Fundi ndiye aliyezishona ubavu kwa ubavu zikawa mkeka. Nilipowaona mara ya kwanza nilitamani jambo moja, na nimelitamani kwa miaka mingi: ukili wangu uingie katika mkeka wa Fundi. Si jambo la kukesha ukiomba, najua. Lakini kila mtu ana lake.

Walinifundisha wakinicheka. Walisema Wachaga vidole vyao vimezoea kuhesabu, si kusuka. Fundi hakucheka wala hakunitetea. Alinipa miyaa iliyolowekwa, akanionyesha namna ya kuanzia mara mbili, ya tatu akakataa. Baada ya mwezi niliweza kusuka ukili wa kutandikia kuku, na hayo ni maneno yake.

Kusifu hakujua. Sifa kubwa niliyowahi kuisikia kinywani mwake ilikuwa "haya". Ukimpelekea ukili wako aliukunjua mapajani, akaupitishia kidole gumba taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa kwingine kabisa, pengine kwa paka. Kisha alikusomea. Nasema alikusomea kwa sababu sina neno lingine. Kulikuwa na mama mmoja wa Jangwani, mnene, mcheshi, ambaye siku moja alileta ukili mzuri machoni petu sote. Fundi alifika katikati yake akasimama. Akamwuliza maji yaliingia ndani usiku gani. Yule mama akashika kinywa. Kweli mvua ilikuwa imewafurikia, naye alisuka kidogo, akahamisha godoro, akasuka tena. Mimi aliwahi kunigusia pahali kwenye ukili wangu akasema hapo nilikuwa nimesimama foleni ya sukari. Nilikuwa nimesimama foleni ya sukari. Tena nilikuwa nagombana na mwanamke aliyenipita mbele.

Kutokana na kidole hicho ndipo ilipokuja kanuni yake ya Jumatano. Kila Jumatano, baada ya sala ya alasiri mpaka jua likaribie kuzama, mikono yote ya nyumba ile ilipumzishwa. Hakuna kusuka, hakuna kuchana miyaa, hakuna hata kuchambua mchele. Walitandika mikeka ukumbini kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani, upepo upite, wakalala kichwa kwa kichwa. Kwanza walipakana mafuta ya nazi vidoleni, huyu akimkanda yule, mpaka viungo vilainike. Halafu walizungumza, au walisinzia, au walinyamaza tu. Aliyeleta malalamiko ya mume aliruhusiwa kuyasema mara moja, basi. Fundi alisema mkono uliochoka husema uongo, na mkeka hautunzi siri ya mtu. Waume walinung'unika. Mmoja alikuja mlangoni kuuliza chakula chake kiko wapi, na Fundi akamjibu kwa upole kwamba kiko sokoni, bado hakijanunuliwa, aende akakichague mwenyewe. Alikwenda.

Mimi nilitoka kazini saa nane na nusu, nikawahi. Siku za mwanzo niliona aibu kulala. Nilikuwa nimelelewa na mama ambaye hakukaa chini mpaka giza liingie, na kwetu mwanamke akionekana amelala mchana watu huuliza anaumwa nini. Nililala huku nimekaza shingo. Fundi aliniambia, bila kufumbua macho, kwamba ninalala kama mtu anayesubiri kuitwa.

Sasa niseme na kasoro zake, kwa kuwa hakuwa malaika, na angenicheka kama ningemfanya malaika. Huyu aliyewahimiza wenzake kupumzika alikuwa mlalaji mbovu kuliko wote. Alilala, ndiyo, lakini vidole vyake havikulala. Vilikwenda vyenyewe juu ya tumbo lake, vikivuka na kupishana, vikisuka hewa. Tulimtazama tukabanana mbavu kwa kicheko. Ukimwambia alikana. Aliapa kwamba huo ni mbu. Vilevile alikuwa bahili wa chumvi, akikuazima kijiko kimoja anakumbuka mpaka kilivyokuwa kimejaa, lakini miyaa alimpa yeyote bila kuuliza. Na alijigamba kwamba hajui kusoma, akinifanya nimsomee barua na hata karatasi za kufungia karanga. Nilikuja kugundua kuwa alikuwa amekwenda darasa la watu wazima na kufaulu vizuri. Alipenda tu kusomewa.

Rangi nazo zilikuwa habari ya peke yake. Zilipoadimika madukani, kulikuwa na mzee wa Kihindi mwenye duka mtaa wa pili, anakaa Upanga na familia yake, ambaye alimwekea Fundi paketi za rangi nyekundu chini ya kaunta, ndani ya kopo la biskuti. Alimwambia kwamba mkewe hasali asubuhi ila juu ya mkeka wake. Paketi zilipokwisha kabisa Fundi hakutikisika. Alirudia njia za zamani, manjano ya kupikia kwa njano, magome ya mkoko kwa wekundu, mizizi ya mdaa kwa nyeusi, na uani kukanuka wiki nzima. Nyeusi ile ya mdaa sijaiona tena. Ilikuwa nyeusi yenye joto.

Basi ikatangazwa kwamba kutakuwa na maonyesho ya kazi za wanawake katika ukumbi mmoja upande wa Upanga, na vikundi vya mitaani vitakaguliwa kwanza. Habari ililetwa na balozi wetu wa nyumba kumi, na kwa siku mbili ukumbini hapakuzungumzwa lingine. Hawa walikuwa wanawake ambao mikeka yao ilikuwa imelaliwa na nusu ya Kariakoo bila mtu kuuliza nani kaisuka. Mama wa Jangwani alisema yeye anataka tu asimame pembeni, amsikie mtu asiyemjua akiuliza, huu wa nani.

Mkaguzi akaja Jumatano.

Lazima ujue zilikuwa siku gani. Kulikuwa na msako wa wazururaji mjini. Mtu akikutwa mchana hana kazi wala kitambulisho aliweza kupakiwa kwenye lori apelekwe kulima. Na huyu bwana, kijana wa miaka thelathini hivi, suruali imenyooshwa, daftari kwapani, akafungua mlango saa kumi na nusu akakuta wanawake kumi na mmoja na karani mmoja wamelala chali. Tulikurupuka tukijifunika khanga. Fundi peke yake hakuinuka.

Yule bwana aliuliza kama hiki ndicho kile kikundi cha uzalishaji mali.

"Ndicho," Fundi akasema. "Karibu, mwanangu."

Kijana akamwamkia shikamoo, adabu alikuwa nayo, kisha akaanza kuhutubu. Alisema wenzetu wako mashambani. Alisema wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nikitazama daftari lake na kalamu, nikiona jina letu linafutwa, au baya zaidi.

Fundi akaketi, akajifunga khanga vizuri. "Na jembe likitoka shamba huegeshwa," alisema. "Ukimwona mtu analima kwa jembe usiku na mchana bila kuliegesha, jua kaliazima. Hii mikono si ya kuazima, mwanangu. Ni yetu."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwingine angelifikiria. Alichukua mikeka miwili akaitandika barazani, mbele ya mtaa mzima. Mmoja ulikuwa wa kununua, wa wale wanaosuka usiku na mchana kuwahi soko. Wa pili ulikuwa wake. Akamwomba kijana avue viatu alale kwenye wa kwanza, ajigeuze, kisha ahamie wa pili, halafu ndipo aandike atakalo. Kijana alicheka kwa aibu. Lakini ni nani aliyewahi kumkatalia Fundi? Akalala kwenye ule wa kwanza akajigeuza. Akahamia wa pili akanyoosha miguu, akasema atafumba macho kidogo tu aone tofauti.

Aliamshwa na adhana ya magharibi. Muuza kahawa alikuwa amemzunguka kwa adabu mara tatu. Shavuni alikuwa amechapwa ua la mkeka wetu, mraba kwa mraba, waziwazi. Aliokota daftari, akaandika amesimama, nami nilichungulia begani kwake. Aliandika: Kikundi kimekutwa kazini.

Tukapewa fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, jina la mtengenezaji, na maelekezo kwamba vikundi viandike jina la kikundi. Fundi alikataa. Alisema kikundi hakina vidole. Akaniagiza nipige chapa kadi yenye majina yote, nami nikaipiga vizuri, jina lake juu kabisa kama heshima inavyotaka. Alinirudishia. Alisema mkeka una kili kumi na moja, na majina yafuate kili kutoka ubavu huu hadi ule, na yeye ukili wake ni wa saba. Nikapiga upya. Fundi wa saba.

Lakini nimeruka jambo, na nililiruka kwa makusudi kwa kuwa linaniuma. Kabla mkeka haujashonwa niliupeleka ukili wangu. Nilikuwa nimeusuka miezi mitatu, na niliona ni mzuri, na hata sasa naona machoni ulikuwa mzuri. Alipitisha kidole. Paka alikuwa dirishani, akamtazama paka. Kidole kikasimama, kikaenda, kikasimama tena.

"Huu umeusuka Jumatano," alisema.

Ilikuwa kweli. Kwa kutaka kuwahi nilikuwa nikidai kichwa kinaniuma, najifungia chumbani, nasuka wakati wenzangu wamelala hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Wala hakunigombeza. Alinigusisha kidole changu kwenye ukili, hapa, na hapa, na hapa.

"Umesuka huku unasikiliza mlango," akasema, akaukunja akanirudishia.

Nililia usiku ule, sioni haya kusema. Asubuhi nilikwenda kazini nikapiga chapa ile kadi yenye majina kumi na moja, langu halimo.

Maonyesho yalipangiwa siku ya Jumatano. Hapo ndipo nilipomwona Fundi akihangaika kwa mara ya kwanza. Wenzake walimsihi avunje kanuni siku moja tu. Mama wa Jangwani alitokwa machozi. Siku mbili baadaye Fundi akasema tutakwenda, lakini hatutafanya kazi. Hatukumwelewa. Siku yenyewe tuliuviringisha mkeka, wakaubeba wawili kichwani, tukavuka mji kwa miguu wote na khanga za sare, na nilijiona mkubwa kuliko mji ule.

Ukumbini walitaka kuutundika ukutani kwa misumari. Fundi alisema mkeka si nguo ya kuanika. Akautandika chini, katikati ya sakafu, na watu wakalazimika kuuzunguka kama kisima. Saa ya alasiri ilipopita alivua viatu. Alipakwa mafuta vidoleni na jirani yake, akampaka na yeye, kisha akalala kwenye ukili wa saba. Wakalala wote, kila mmoja juu ya ukili wake, mbele ya wageni na viongozi na wake za madaktari wa Upanga. Mama wa Jangwani alishikilia pindo la khanga yake, naona vidole vyake sasa hivi. Nilisimama ukutani na kadi yangu nikitamani sakafu inimeze.

Mgeni rasmi alikuwa mama mtu mzima. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha naye akavua viatu, akapiga magoti ukingoni, akaweka kiganja chake juu ya mkeka. "Huu wa nani?" aliuliza, akigusa ukili wa kwanza.

"Wangu," mama wa Jangwani akasema, bila kuinuka.

"Na huu?"

"Wangu."

Akaenda hivyo mpaka wa kumi na moja. Hakuna aliyesoma kadi yangu, na haikuhitajika. Yule mkaguzi alikuwa nyuma akiwanong'oneza watu kwamba wasishangae, hawa wapo kazini. Nimehudhuria sherehe nyingi tangu hapo, nyingine zenye bendera na ngoma, lakini sijajivunia watu kama nilivyojivunia wale wanawake waliolala. Na ndani ya fahari hiyo kulikuwa na mwiba wangu, kwamba nilikuwa nimesimama.

Niliolewa, nikarudi Moshi. Niliondoka na kifurushi cha miyaa alichonipa bila kusema neno. Nilipata barua zake, alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, yeye asiyejua kusoma.

Mara ya mwisho nilipomwona, madukani kulikuwa kumeanza kujaa mikeka ya plastiki, na wasukaji wake walikuwa wamebaki wanne. Nilimkuta ukumbini palepale. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na vidole vilikuwa vimepinda, havifunguki vyote. Nikamwambia shikamoo, Fundi. Akageuza sikio upande wangu.

"Marahaba, Karani. Umenenepa. Nasikia unavyopumua."

Alikuwa amekaa juu ya mkeka ule wa maonyesho. Nyeusi ya mdaa ilikuwa bado na joto lake. Tulizungumza habari za waliokufa na waliohama, na nikanywa chai isiyo na sukari ya kutosha, maana ubahili wake nao ulikuwa haujaenda popote. Halafu nikafungua mkoba, nikatoa ukili. Nilikuwa nimeusuka kwa miaka miwili, kidogo kidogo, kwenye kibaraza cha nyumba yangu, siku yoyote isipokuwa moja. Sikusema ni wa nani. Niliuweka mapajani pake.

Kidole gumba kilikuwa hakifai tena, akatumia ubavu wa kiganja. Alianza mwanzo. Uso aliuelekeza dirishani, paka akiwa hayupo, ni mazoea tu. Alikwenda polepole mno, nami nilikuwa mwanamke wa makamo mwenye wajukuu wawili, nimekaa kama mtoto anayesubiri matokeo. Alifika katikati. Hakusimama. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapita tena wote.

"Haya," alisema.

Alikuwa ameshika ukingo wa mkeka alioukalia, akiupapasa ubavu wa kili kumi na moja, kisha akaweka ukili wangu pale, ukingoni, akausawazisha kwa kiganja kupima upana. Ulikaa. Nikamwambia nina sindano na uzi mkobani, nimekuja navyo kutoka Moshi, anielekeze tu nitaushona mwenyewe sasa hivi.

"Leo siku gani?" akauliza.

Nilihesabu vidoleni. Nilikuwa nimesafiri siku mbili, nimepoteza hesabu. "Jumatano, Fundi."

"Basi tutaushona kesho," akasema, akasogea akaniachia nafasi. "Njoo ulale."

Nikavua viatu, nikalala juu ya ukili wangu.